Ubatizo Uliosubiri Kura ya Ireland

Weisiko hakujali Ireland iko upande gani wa dunia mpaka wiki ile nchi hiyo ilipomzuilia mtoto wake maji ya ubatizo.

"Nchi nzima," alisema, akipepeta maharage uani kana kwamba anayaadhibu, "watu wazima na akili zao, wanapiga kura kwao, halafu mtoto wa Kasulu ndiye anayekosa kubatizwa. Robi, wewe umesoma mpaka kidato cha pili. Nieleze."

Robi hakueleza. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, amempakata mtoto, Nyamhanga, anamnyonyesha. Alikwisha kumzoea Mama, kama alivyomwita Weisiko. Akikasirika hutaka maelezo, na ukimpa maelezo hukasirika zaidi.

Ilikuwa Jumatano, Mei 2015, siku chache kabla ya Pentekoste. Mvua zilikuwa zimeaga, baridi ya asubuhi ilikuwa imeanza kukaa mpaka chai ya pili, na barabara ya kwenda kambini ilipitisha mabasi ya wakimbizi wapya kutoka Burundi, vumbi jekundu likiwafuata kama ndugu waliosahauliwa. Ubatizo ulipangwa Jumapili. Mbuzi alikwisha kununuliwa. Alifungwa nyuma ya choo, akalia kutwa, na Weisiko alimjibu kila mara: "Nyamaza, na wewe unasubiri Ireland?"

Mtaani walimwita Afande. Alikuwa askari magereza tangu ujana wake. Alitoka kwao Tarime, akapangiwa Kibondo, kisha Kasulu, na alipostaafu akakuta ameshajenga, ameshapanda migomba, ameshajua kuongea Kiha cha kugombana sokoni. Akabaki. Sare aliirudisha, sauti akaondoka nayo. Kuku wake waliingia bandani jioni kwa mstari, na majirani waliapa kwamba jogoo wake hakuwika asubuhi mpaka apate ruhusa.

Mumewe, Nyamhanga, alikuwa dereva wa lori. Alifia safarini, akamwachia mabinti wawili na koti la mvua. Mabinti waliolewa, wakaenda na majina ya watu wengine, kama mabinti wanavyokwenda. Koti likabaki msumarini. Kila Weisiko alipolitazama aliona jambo moja: siku atakayokufa yeye, litashushwa, litagawiwa, na hakuna atakayeulizwa "wewe ni wa nyumba gani" akajibu, "ya Nyamhanga."

Kwao Tarime jambo hilo lina dawa yake, ya zamani kuliko ukoloni. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa mwanamke mwenzake. Wazee hukaa, nyama huliwa, mke huja nyumbani. Huyo mke huzaa na mwanamume ambaye nyumba imemkubali, na watoto wanakuwa wa nyumba, wanabeba jina la nyumba. Yule mwanamume hana dai. Bibi aliyeoa ana chumba chake na mke ana chake. Wenyewe huiita nyumba ntobhu, na huko kwao hakuna anayeishangaa, kama vile hakuna anayeshangaa mvua kutoka upande wa ziwa.

Hivyo ndivyo Robi alivyokuja Kasulu, miaka miwili nyuma, na sanduku la bati na begi jekundu. Weisiko alimtembeza nyumba kwa nyumba na kuwaambia majirani bila kupepesa macho: "Huyu ni mke wangu."

Waha ni watu wa salamu ndefu na maswali mafupi. Walipiga makofi yao ya salamu, wakainama, wakamtakia heri, wakaenda kuyasemea majumbani mwao. "Wakurya," wakasema, na neno hilo likatosha kuwa maelezo. Walikuja kwenye sherehe, wakala. Bazilio, mchoma matofali wa Kagerankanda, mjane mpole mwenye maneno machache, alikubaliwa na nyumba. Alikuja na mihogo, akanyamaza, akaondoka. Mtoto alipozaliwa Novemba, hakudai hata kumchagulia jina. Jina lilikuwepo tayari, linamngoja msumarini pamoja na koti.

Marehemu mama yake Weisiko alikuwa na msemo wake. Jina linalotamkwa na watu wa ndani peke yao, alisema, ni kama nguo iliyoanikwa ndani ya nyumba. Haikauki. Mpaka ulitoe nje, watu wasio wako waliite, jua lilione. Ndiyo maana Weisiko aliutaka ubatizo ule kuliko alivyowahi kuutaka mshahara. Alitaka kanisa zima lisikie: Nyamhanga.

Na asubuhi hiyo ya Jumatano, Mwalimu Laurent alikuwa amekuja.

Laurent alikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Alivaa koti hata wakati wa jua, na akija kwa heri hukaa kitini kabla hajakaribishwa. Siku hiyo alikataa kiti. Weisiko akajua.

"Mama Afande, baraza la wazee limekaa."

"Limekaa wapi? Jana nimepita kanisani, hapakuwa na mtu ila popo."

"Limekaa kwangu."

"Wewe na nani?"

"Mimi na Leonidasi. Na mwingine alituma udhuru."

"Leonidasi ambaye akikaa kitini anasinzia?"

"Alikuwepo, Mama."

"Basi umekaa wewe. Haya, umejiambiaje?"

Laurent alikohoa. "Tatizo ni hii kura ya Ireland."

"Ireland ndiyo nani?"

"Ni nchi. Iko Ulaya, kisiwani. Keshokutwa Ijumaa wananchi wanapiga kura kuamua kama mwanamume aoe mwanamume, na mwanamke aoe mwanamke, iwe halali kabisa kwa katiba. Redio zote zinaongea."

"Na mimi nimejiandikisha huko?"

"Usifanye mzaha. Unajua paa letu."

Kila mtu alilijua paa lao. Lilifunika nusu ya kanisa. Nusu ya pili ilikuwa imeahidiwa na marafiki fulani wa Ireland, waliopita mara moja, wakapiga picha na kwaya, wakaondoka na vikapu. Tangu hapo mabati yalikuwa njiani. Waumini waliokaa mbele walikaa kivulini, na waliochelewa waliungua na jua au wakalowa, kwa kadiri ya majira.

"Watu wanasema," Laurent akaendelea.

"Wanasema nini?"

Laurent alitazama upande wa mbuzi. "Wanasema kwako kuna ndoa ya namna hiyo."

"Kwangu kuna ndoa. Wewe ulikula nyama yake. Ulirudia mchuzi."

"Zamani tuliona ni mila yenu. Sasa redio imetufungua masikio."

"Masikio yako yalikuwa wazi, ni mdomo ndio ulikuwa umejaa." Weisiko aliuweka ungo chini. "Mwalimu. Mimi nina miaka sitini na ushee. Nina goti linalolia kama mlango. Nalala chumba changu, nakoroma, Robi ana chumba chake na mtoto. Hao wa Ireland siwajui, shida yao siijui, na wao hawaijui yangu. Hilo la kulinganisha umelitoa wapi?"

"Mimi nakuelewa. Watu ndio hawaelewi."

"Watu gani?"

"Watu."

Hapo ndipo Laurent alipotoa uamuzi wa baraza, akiwa amefumba macho kama anayesoma sala. Watu wa Ireland wakisema hapana, hakuna neno, mtoto atabatizwa Jumapili na jina lake. Wakisema ndiyo, basi watu wa Kasulu watasema mabati yamekuja na masharti, na kwamba kanisa limeanza utekelezaji kwa mtoto wa Afande. Itabidi kusogeza mbele mpaka maneno yapoe.

"Kwa hiyo mtoto wangu anabatizwa na Ireland."

"Anabatizwa na mchungaji. Ireland wanatupa tu mwelekeo."

"Na mchungaji mwenyewe anasemaje?"

"Mchungaji yuko kambini na wakimbizi. Simu haishiki. Mambo madogo madogo ametuachia sisi."

"Madogo," Weisiko akasema. Akaliangalia neno hilo kama mtu aliyekuta nywele kwenye ugali.

Kufika Alhamisi, habari zilikuwa zimeshafika dukani kwa Athuman, na habari ikifika kwa Athuman imeshafika Kibondo na Mabamba, kwa sababu mabasi yote husimama hapo kununua maji na maandazi. Duka lilikuwa na redio kubwa iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Vijana wa bodaboda waliokaa chini ya kibaraza chake walikuwa na kazi mbili, kubeba watu na kuwasema.

"Afande, shikamoo!" Saidi, mwenye mdomo kuliko wote, alipaza sauti. "Shemeji hajambo?"

"Marahaba. Shemeji yako yuko jikoni, anakusongea ugali wa kukuziba mdomo."

"Ireland wakipita, mtakwenda kufungia ndoa kule? Mimi nawapeleka uwanja wa ndege Kigoma, bei ya ujirani."

"Na pikipiki yako hiyo isiyo na breki? Tutafika Ireland kabla ya kufika Kigoma."

Wakacheka, naye akachekea puani, kwa sababu mtu akiacha kujibu Kasulu huonekana ameshindwa. Lakini aligeukia rafu za Athuman na kuagiza chumvi ambayo hakuihitaji, ili wasimwone uso.

"Athuman, nieleze wewe," alisema. "Kura yetu wenyewe ya Katiba, tuliyoambiwa ni Aprili, wameiahirisha. Umeona mtu amekosa usingizi?"

"Hakuna, Afande."

"Uandikishaji wenyewe haujulikani unaisha lini. Umeona mtu amekesha redioni?"

"Hakuna."

"Lakini ya Ireland mnajua mpaka saa ya kufungua vituo!"

Athuman, mtu wa makamo mwenye kofia safi na adabu ya kibiashara, alimfungia chumvi kwenye gazeti. "Ya kwetu tunaijua, Afande. Ya wenzetu ndiyo tamu."

Matani hayo angeweza kuyavumilia. Maisha yake yote alikuwa mwanamke mwenye rungu kati ya wanaume wenye marungu, na matani aliyasikia yakiwa bado mabichi. Lililomtesa lilikuwa nyumbani. Robi alikuwa ameacha kwenda bombani asubuhi na wenzake. Alikwenda adhuhuri, jua la utosini, wakati hakuna mtu. Na Alhamisi ile, Weisiko alipoingia chumbani kwa Robi kutafuta sindano, aliona begi jekundu limeshushwa kutoka juu ya kabati. Vumbi lilikuwa limefutwa.

Hakuuliza. Mtu aliyefunga milango ya watu wengi anajua mlango gani haufungiki. Robi ni kijana, alijiambia, ana masikio. Akiondoka na mtoto, hakuna askari wa kumrudisha. Koti litabaki msumarini. Yote hayo kwa sababu ya kisiwa.

Ijumaa watu wa Ireland walipiga kura. Weisiko alipalilia kitunguu kisichohitaji palizi.

Jumamosi mchana alikwenda dukani mwenyewe, akavuta kreti la soda, akalikalia mbele ya redio. Kuruthumu, mke wa Athuman, alitoka ndani na kuketi karibu naye. Wawili hao walikuwa marafiki tangu siku Kuruthumu alipohamia kutoka Pangani na kulalamika kwamba Kasulu hakuna nazi, naye Weisiko akamwambia nenda mbinguni basi.

"Mwenzangu," Kuruthumu alinong'ona, "wewe unaomba wapite au wasipite?"

"Wasipite. Sina ugomvi nao. Mimi sijui hata wanakula nini. Lakini leo naomba wakatae, nipate maji yangu, kesho wakapige kura nyingine wakubali, mimi sitasema kitu."

"Hivyo ndivyo unavyomwambia Mungu?"

"Nimemwambia kwa Kikurya, imekaa vizuri zaidi."

Redio ilikwaruza. Mtangazaji wa idhaa ya Kiswahili alisema kura zinahesabiwa. Alisema watu wengi waliokuwa nchi za mbali walirudi kwa meli na ndege ili wapige kura. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke mzee, kwanza kwa lugha yake, sauti inayoyumba lakini haianguki, na mtangazaji akaifunika taratibu kwa Kiswahili.

Bibi yule alisema ana mtoto wa kiume ambaye kwa miaka mingi hajala chakula cha sikukuu nyumbani, kwa sababu yeye mwenyewe alimkataza kuja na mwenziwe. Alisema kila mwaka anaandaa meza, na kila mwaka majirani wanamuuliza kile kiti kitupu ni cha nani. Alisema amekwenda kupiga kura na mkongojo wake, kwenye mvua. "Nimechoka," akasema. "Nataka nyumba yangu itulie. Sasa nakaa hapa nawasubiri watu nisiowajua waniamulie."

Weisiko aliinua kichwa.

"Bibi huyo anaitwa nani?"

"Hawajasema," Athuman akajibu.

"Anaongea kama mtu aliyetoka kupepeta maharage."

Saidi alicheka. Alicheka peke yake, akaacha.

Muda si mrefu mtangazaji akarudi. Hesabu haikuwa imekamilika, alisema, lakini hata waliokuwa wakipinga walikwisha kukubali kwamba wameshindwa. Ireland imesema ndiyo.

Mtu mmoja akapiga mluzi. Athuman akasema "Astaghafirullah" na kupunguza sauti ya redio, kisha, baada ya kufikiri, akaiongeza kidogo ili asikose habari za mpira. Saidi akafungua kinywa. Kuruthumu akamtazama, akakifunga.

Weisiko alisimama, goti likalia. Alitaka kumkasirikia yule bibi wa redioni. Alijaribu njia nzima, akipita kando ya barabara, vumbi la mabasi likimwingia mdomoni. Hasira ikamjia kwa Laurent, kwa Leonidasi na usingizi wake, kwa mabati, kwa mbuzi. Kwa yule bibi ikagoma.

"Yeye amepata nyumba yake," alijisemea, "mimi ndiyo naikosa yangu. Wala hatujuani."

Alipofika nyumbani alimkuta Laurent amekwisha kufika. Safari hii alikuwa amekaa kitini.

"Mama Afande, pole."

"Mwalimu, umekuja mbio kuliko redio."

"Nimekuja kwa wema. Nimetafuta njia." Laurent alisogeza kiti mbele. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyefumbua fumbo alilolitunga mwenyewe. "Kesho Bazilio asimame mbele kama baba. Nimeshamtumia mtu Kagerankanda. Robi asimame kama mama. Wewe ukae benchi lako. Mtu akiuliza, Robi ni mfanyakazi wako wa ndani, amezaa na Bazilio, wewe kwa huruma yako unamsaidia. Mtoto aitwe jina la upande wa Bazilio. Kesho saa tatu, mambo yamekwisha, hakuna wa kusema kitu."

Weisiko alikaa juu ya kinu kilicholazwa. Mbuzi alilia. Maharage yalikuwa yameshapepetwa, mchele umeshachambuliwa, gauni jeupe la mtoto limeshapigwa pasi. Alikuwa amechoka uchovu ambao haukuwa wa siku ile. Aliona moyoni kwamba maji ni maji, kwamba labda Bazilio asimame tu, mtoto apate baraka, ugomvi uje baadaye. Na kama hilo lingemfanya Robi asiondoke, basi mfanyakazi wa ndani na awe mfanyakazi wa ndani. Alifungua mdomo kusema ndiyo.

"Mwalimu, shikamoo," Robi alisema kutoka mlangoni mwa jiko.

Laurent aligeuka. "Marahaba, binti."

Robi alikuja akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa kuongea na wakubwa, mtoto begani.

"Mimi sikuja hapa kufua nguo. Ng'ombe walitoka kwa Mama wakaingia kwa baba yangu, mchana, watu wanaona. Wazee walikula, wakanipaka mafuta, wakaniambia nenda kasimamishe nyumba. Bazilio ni mtu mwema, ila hakutoa hata kwato. Ukimsimamisha kesho aseme yeye ndiye mwenye mtoto, utakuwa unafundisha watu kusema uongo mbele ya maji."

"Binti, nawasaidia tu."

"Asante, Mwalimu. Utusaidie Jumapili nyingine."

Laurent alimtazama Weisiko, akitaraji Afande atoe amri. Afande alikuwa akimtazama Robi kama mtu aliyesikia nyumba yake ikiongea. Katika miaka ile miwili hakuwahi kumsikia akitoa maneno mengi hivyo kwa mpigo, hata siku ya kujifungua.

"Na mbuzi?" Weisiko aliuliza, kwa sauti ndogo isiyo yake.

"Mbuzi hajui kura, Mama. Kesho achinjwe. Watakaokuja watakula."

Laurent alipoondoka, walimsikiliza akigombana na mlango wa uzio. Kisha Weisiko akasema, bila kumwangalia, "Nililiona begi."

"Nililishusha kweli," Robi akajibu. "Siku ile ya Jumatano. Nikakaa nalo kitandani, nikawaza, niende wapi? Nikirudi kwetu, nitaulizwa haya haya kwa Kikurya. Basi nikatia ndani nguo za mtoto zilizombana."

"Ungeniambia."

"Ungenitaka nikueleze."

Weisiko alicheka. Kicheko kilimtoka vibaya, kimechanganyika na kitu kingine, akapenga kamasi kwenye kanga na kwenda kumsemesha mbuzi.

Jumapili walikwenda ibadani. Walikaa kwenye benchi lao, upande usio na bati, jua likiwapiga, Nyamhanga amevaa gauni lake jeupe kana kwamba maji yapo. Mchungaji alikuwa bado kambini. Laurent ndiye aliyetoa matangazo. Alisema ubatizo umesogezwa mbele kwa sababu zisizozuilika. Weisiko alikohoa kikohozi kirefu, cha kiaskari, na Laurent akaruka tangazo la mabati.

Nyumbani, Athuman alikuwa amekwisha kumchinja mbuzi, kama ilivyo kawaida ya mtaa ule, ili kila mtu ale bila kuuliza. Kuruthumu alikuja mapema na sufuria kubwa kichwani. Robi alisonga ugali wa muhogo. Mpaka hapo walikuwa wao kwa wao, na Weisiko alianza kuwaza kwamba nyama hii itabidi ikaushwe.

Lakini harufu ya nyama haiendi barazani kuomba ruhusa. Alitangulia Bazilio, na mihogo yake, akaketi karibu na uzio. Wakafuata akina mama wa kwaya, wawili wawili, wakipiga makofi ya salamu na kuuliza hali ya kila kiungo cha mwili, "Mwakeye?", wakiinama. Akaja Saidi na wenzake. "Shikamoo Afande," alisema, akaishia hapo. Weisiko akampa kipande chenye mafuta.

Wa mwisho walikuwa Laurent na Leonidasi.

"Tumekuja kuwapa pole," Laurent alisema.

"Pole ya nini? Kafa nani?"

"Ya… ya kusogezwa."

"Kaa, Mwalimu. Nyama ipo." Na kabla Laurent hajaweka fimbo yake chini, Weisiko alimchukua mtoto mgongoni kwa Robi na kumtia mikononi mwake. "Nishikie huyu, nikuletee chakula."

Akaingia jikoni. Alichukua muda wake. Alichagua sahani, akaifuta, akaifuta tena.

Nyamhanga hakumpenda Laurent. Alimtazama miwani, akakunja mdomo, akaanza kulia, kilio cha mapafu mapya kilichozidi cha mbuzi wa jana.

"Nyamaza, mtoto," Laurent alisema, akimrusharusha. "Nyamaza, wewe. We kijana. We mtoto wa… nyamaza."

Mtoto alizidisha. Leonidasi alizinduka. Uani watu waliacha kutafuna.

"Mwite kwa jina lake, Mwalimu," Kuruthumu alisema, akiokota mfupa taratibu. "Hilo ndilo analolijua."

Laurent alitazama huku na huku. Wiki nzima alikuwa amesema "yule mtoto," "mtoto huyo," "wa kwako." Aliwatazama akina mama wa kwaya, nao wakatazama sahani zao. Alitazama jikoni, ambako nyama yake ilikuwa inachelewa.

"Nyamhanga," alisema, chini kwa chini.

Mtoto hakusikia. Alikuwa analia.

"Nyamhanga! Nyamhanga, nyamaza baba! We Nyamhanga!"

Kilio kilipanda, na sauti ya Laurent ikapanda nacho, sauti ile ile iliyofundisha darasa la wanafunzi mia bila kipaza sauti. Ikavuka uzio. Ikafika barabarani. Mpita njia mmoja, mwanamke mwenye mkungu kichwani, alisimama kuchungulia nani anaitwa. "Huyo Nyamhanga ana nini leo?" aliuliza. Saidi, mdomo umejaa, akamjibu, "Nyamhanga wa kwa Afande, anamkataa mwalimu."

Mlangoni mwa jiko, Robi alifuta mikono na kutaka kwenda kumpokea mtoto. Weisiko, sahani ya nyama mkononi ikianza kupoa, alimshika kanga.

"Mwache," alisema. "Mwache aite. Jua bado lipo."